Sufuri za Aprili

Kirathe, kwa njia ya Kianjokoma, Embu
12 Februari 2024

Mwalimu Stephen Kailemia,

Hunijui. Mimi ni Ruguru Njoka, afisa wa afya ya umma hapa Kirathe. Nambari yako nilipewa na padri wenu, lakini aliyepokea simu ni mkaza mwanao Felicitas. Aliniambia masikio yako yalifunga miaka minne iliyopita, na kwamba mwenye neno nawe aandike. Basi naandika.

Nimeambiwa ulizaliwa Ruiri ila ukalelewa huku kwetu, kwa sababu baba yako, Mzee Bundi, alikuwa dresa wa zahanati ya Kirathe wakati wa mkoloni. Aliwatibu watu, akaandika vifo vyao, na kila asubuhi akapima mvua. Vitabu vyake viwili, cha vifo na cha mvua, nimevikuta kwenye stoo ya ofisi yetu chini ya magunia ya klorini. Panya wamekula pembe tu.

Nilivitafuta kwa sababu ya mradi wa maji. Kamati inataka kuvuta bomba kutoka chemchemi iliyo chini ya shule ya msingi mpaka sokoni na kwenye nyumba mia tatu. Kabla haujafunguliwa, ni lazima nitie sahihi kwamba maji ni salama. Wazee wananiambia kwamba palipo na shule ndipo palipokuwa na kijiji cha Imajensi, yaani hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, kile cha mtaro na miti iliyochongwa, walikoswagwa watu mwaka 1954, na kwamba watu walikufa sana humo. Daftari la baba yako linakubaliana nao. Aprili na Mei 1955, watu arobaini na watatu, homa ya matumbo.

Lakini kitabu cha mvua cha majuma yale yale kinasema sufuri. Siku thelathini na moja mfululizo, sufuri. Aprili, Mwalimu, kwenye miteremko ya mlima huu! Nimezaliwa hapa na sijawahi kuona Aprili kavu. Na ripoti ya serikali iliyobandikwa mwishoni inasema kwamba, kwa kuwa hapakunyesha, uchafu wa vyoo haungeweza kushuka kwenye chemchemi, kwa hiyo chemchemi haina hatia. Watu walijiua kwa uchafu wao wenyewe.

Je, unakumbuka kama kweli mvua ilikosa mwaka ule?

Wako kwa heshima,
Ruguru Njoka


Ruiri
26 Februari 2024

Mwanangu Ruguru,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi. Upepo wa Ruiri mwezi huu unang'oa mabati, na ng'ombe wanakwenda mbali kunywa. Wewe uko kwenye majani chai na ukungu, shukuru.

Barua yako imenifurahisha, kwa maana ni miaka mingi mtu hajaniuliza habari za baba. Alikuwa mtu wa saa. Kipima mvua chake kilikuwa mtungi wa shaba uliosimikwa nyuma ya zahanati, na saa tatu kamili asubuhi ungemkuta anainama kuusoma, hata kama mgonjwa analia mlangoni. Alisema mgonjwa anaweza kungoja dakika moja, lakini mvua ya jana ikishachanganyika na ya leo haitenganishwi tena. Mimi na dada yangu Kananu tulipenda kumtazama. Kananu alikuwa na miaka sita na viatu vyekundu alivyoletewa kutoka Meru. Mwezi ule wa vifo alipoteza kimoja kwenye tope njia ya zahanati, akalia kutwa nzima.

Unauliza kama mvua ilikosa. Ilikosa. Baba akiandika sufuri, ni sufuri. Watu wa ofisi siku hizi mnadhani kila kilichoandikwa zamani kina siri ndani. Ukumbi wa kanisa letu hapa una jina lake juu ya mlango, kwa sababu hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo.

Weka sahihi yako bila hofu.

Ni mimi,
Stephen Kailemia


Kirathe
5 Machi 2024

Mwalimu,

Asante kwa barua. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama kwenye kiatu cha Kananu. Umesema alikipoteza kwenye tope, mwezi wa vifo. Tope lilitoka wapi kama mvua ilikosa?

Usinikasirikie. Nilikwenda pia kwa bibi mmoja, cucu Wamuyu, ambaye alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano katika kile kijiji. Nilimuuliza kama kulinyesha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza. Akasema, "Makaburi yalijaa maji kabla hatujamshusha mtu. Tuliwaweka ndani ya maji."

Ngoja nikueleze kwa nini nasumbua. Vyoo vya shule vimechimbwa mahali pale pale palipokuwa na vyoo vya kijiji, juu ya chemchemi, na mawe ya chini yana nyufa. Maji yalipimwa Januari yakaonekana safi, lakini Januari hakuna mvua ya kusukuma kitu chochote. Mimi naamini mvua ikizidi kiasi fulani, uchafu unashuka. Nikiwa na inchi za kweli za mwaka 1955, siku kwa siku, nitazipanga kando ya vifo na kuwaonyesha. Bila hizo nina maneno ya bibi mmoja mzee na kiatu cha mtoto. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Ngari, amekwisha kuniambia, "Hata wazungu walipima, wakasema pako sawa. Wewe ni nani?"

Mradi unafunguliwa tarehe 25. Mwalimu, mtu wa saa kama baba yako hawezi kutupa vipimo vyake. Kuna kitabu kingine?

Ruguru


Ruiri
13 Machi 2024

Bi. Njoka,

Nilikujibu kwa upole na wewe umenigeuza mshtakiwa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kukosea mwezi. Tope linaweza kuwa la maji ya kufulia. Cucu wako ana miaka themanini na minne; nami nina sabini na minane, najua akili zetu hufanya nini.

Baba amelala miaka arobaini na mmoja. Hana mdomo wa kujitetea, na mimi sina masikio ya kusikia mtakavyomsema. Hakuna kitabu kingine. Naomba usiniandikie tena.

S. Kailemia


Kirathe
27 Machi 2024

Mwalimu Kailemia,

Hii ni ya mwisho, na naandika kwa sababu ni adabu kumjulisha mtu jambo lilivyoisha.

Bomba lilifunguliwa juzi. Palikuwa na hema, soda na kwaya ya shule. Mkubwa wangu alikuwa ameniita siku tatu kabla, akaweka mezani vipimo vya Januari na ile ripoti ya 1955. "Una karatasi gani ya kuzishinda hizi?" Sikuwa nayo. Nikatia sahihi.

Mwenye nyumba ninayopanga, Beverlyne, amewekewa mfereji wa maji uani. Binti yake Kinya, wa miaka saba, hufungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka anagombezwa. Labda mimi ndiye niliyekosea. Ningefurahi sana.

Nakuomba radhi kama nilikuumiza.

Ruguru Njoka


Ruiri
9 Mei 2024

Ruguru,

Jana Felicitas alisikia redioni. Aliniandikia kwenye kikaratasi: "Kirathe. Homa ya matumbo. Watu wanakufa." Kisha akaketi mbele yangu asiondoke, kwa sababu aliona nilivyoshtuka.

Nimemtuma mwenyewe akukabidhi kifurushi hiki mkononi. Ndani kuna kitabu cha mvua cha baba, kile cha kweli. Kimekaa kwenye sanduku langu tangu mwaka 1983. Nilikudanganya Februari, nikakudanganya tena Machi.

Baba alinipa akiwa mgonjwa kitandani, miezi miwili kabla ya kufa. Aliniambia hivi. Watu walipoanza kufa kijijini, daktari wa serikali aliandika kuuliza swali moja tu: je, kulinyesha? Kama kulinyesha, basi kosa ni la mahali, na mahali palichaguliwa na Bwana D.O. mwenyewe, afisa mzungu wa tarafa, ambaye baba alimwonya kwamba vyoo viko juu ya maji. D.O. alikuja zahanati na kitabu kipya, hakijaandikwa. Akasema, "Bundi, kitabu chako kimelowa. Nakili vizuri." Kitabu hakikuwa kimelowa. Baba alielewa. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kufungwa mwaka ule kwa kusema kidogo kuliko hilo. Akanakili, na popote palipokuwa na mvua akaweka sufuri.

Hilo ningeweza kulibeba. Mtu aliyeshikiwa bunduki hahukumiwi. Lakini kuna la pili.

Angalia daftari la vifo, tarehe 9 Mei 1955, miaka sitini na tisa kamili leo. Nambari thelathini na moja, katikati ya zile za homa, imeandikwa pembeni: "Msichana, miaka sita, kichomi." Hana jina. Huyo ni Kananu. Hakufa kwa kichomi. Nililala kitanda kimoja naye, najua alivyokufa. Ripoti ilikuwa inasema wanaokufa ni wachafu. Sasa mtoto wa dresa, anayeoga kwa sabuni kila jioni, angekufaje? Angeivunja ripoti nzima. Kwa hiyo baba yake akampa ugonjwa mwingine na kumnyima jina.

Mwaka uliofuata tulihamishwa Meru. Baba akapandishwa cheo, nami nikapata nafasi katika shule ya misheni ambayo watoto wa watu kama sisi hawakuipata. Kila kitu nilichokuwa baada ya hapo, ualimu, nyumba hii, hata huu mwandiko unaousoma, kilianzia pale. Uliponiandikia Februari niliona nikisema kweli nitabaki bila baba na bila mimi mwenyewe. Nikachagua jina juu ya mlango wa ukumbi.

Niambie ni wangapi.

Stephen Kailemia


Kirathe
18 Mei 2024

Mwalimu,

Ni saba mpaka leo. Waliolazwa ni zaidi ya mia moja na wengine wamelala kwenye korido.

Unataka kujua, basi nakuandikia. Mke wa Nthiga, yule seremala wa sokoni, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano. Wanafunzi wanne wa shule ya msingi. Mpishi wao. Na Kinya. Alianza kwa kichwa, tukadhani ni malaria, na kliniki ikampa dawa za malaria. Siku ya kumi na mbili tumbo lake likawa gumu kama ubao. Nilikuwa nimembeba mimi kwenye gari. Beverlyne alikuwa ameshika miguu yake, anaikanda, anamwambia tumekaribia, tumekaribia, muda mrefu baada ya mimi kujua.

Felicitas alifika jioni tarehe 10. Nilifungua kitabu mbele yake. Tarehe 2 Aprili 1955, inchi 2.10. Tarehe 3, inchi 1.85. Tarehe 4, inchi 3.02. Mgonjwa wa kwanza siku kumi na moja baadaye. Nikachukua vipimo vya mwaka huu kutoka kituo cha kununulia majani chai. Siku tatu za mvua kubwa mwezi uliopita, na mgonjwa wa kwanza siku kumi na mbili baadaye. Nilivipeleka kwa mkubwa wangu vikiwa vimepangwa ukurasa kwa ukurasa. Asubuhi yake bomba lilifungwa. Karatasi moja tu ilitosha, Mwalimu. Ile niliyokuomba tarehe 5 Machi.

Nimeiona nambari thelathini na moja. Mwandiko haukutetemeka.

Siwezi kukuandikia kwamba nimekusamehe. Pengine hata si kazi yangu, kwa sababu sahihi iliyofungua bomba ni yangu, na nilikuwa na shaka nilipoitia. Tarehe 12 Juni kutakuwa na kikao cha uchunguzi katika ukumbi wa chifu. Wamesema kitabu peke yake hakitoshi. Aliyekuwa nacho aje aseme alikipata wapi. Sitakulazimisha.

Ruguru


Ruiri
25 Mei 2024

Ruguru,

Nitakuja. Felicitas atanisindikiza.

Nimewaambia wazee wa kanisa kuhusu jina la ukumbi. Bado wanabishana. Mmoja aliandika kwenye kikaratasi changu, "Mwalimu, mambo haya yangekufa na wewe." Niliwaza kwamba hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Kailemia


Kirathe
20 Juni 2024

Mwalimu,

Ulipoondoka baada ya kikao hatukupata nafasi. Mengi yalisemwa ukumbini ambayo Felicitas hakuwahi kukuandikia, na baadhi nadhani hakutaka. Nimekaa wiki nzima nikijiuliza kama nikuandikie. Naona uongo umetosha.

Ulipoanza kusoma, sauti yako ilikuwa kubwa mno, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. "Tarehe mbili Aprili. Inchi mbili nukta moja." Watoto waliokuwa nje walikuja mlangoni. Ulipofika siku ya tano, mwenyekiti wa kikao alisema, "Mzee, inatosha. Tutajisomea." Ukaendelea. Akagonga meza. Ukaendelea. Karani akainuka akushike bega, na hapo Beverlyne akasimama kule nyuma. Akasema, "Usimguse. Mwache asome zote." Karani akarudi kukaa. Ndiyo maana hakuna aliyekuzuia.

Ulipofika kwenye daftari la vifo ukasema, "Nambari thelathini na moja. Kananu binti Bundi. Si kichomi," cucu Wamuyu alilia kwa sauti. Alisema anamkumbuka, mtoto wa dresa mwenye kiatu kimoja.

Sasa hili ndilo gumu. Ulipofunga kitabu, Nthiga alisimama, yule aliyefiwa na mke. Alikuwa safu ya mbele. Alisema, "Ulikuwa nacho Machi! Huyu msichana alikuomba, ukakikalia mpaka mke wangu akafa. Wewe na baba yako ni kitu kimoja." Wengine walipiga kelele, wengi wakiwa upande wake. Nawe ukamgeukia, ukavua kofia, ukainamisha kichwa mpaka alipoketi. Mtu aliye karibu nami akanong'ona, "Maskini, anadhani anashukuriwa." Sikuweza kuvumilia urudi Ruiri ukidhani hivyo.

Ripoti imetoka jana. Kurasa nne. Inasema vifo vilisababishwa na "mvua kubwa isiyo ya kawaida, ambayo binadamu hangeweza kuitabiri." Nimecheka mpaka nikaogopa. Mwaka 1955 walifuta mvua ili kosa liwe la watu. Mwaka huu wameikuza mvua ili kosa lisiwe la mtu. Mahali hapakutajwa. Kamati haikutajwa. Kitabu cha baba yako kimetajwa mara moja, kwenye orodha ya viambatisho.

Mimi niliwaambia kwamba nilitia sahihi nikiwa na shaka. Hilo wameliandika vizuri, na nimesimamishwa kazi kuanzia Jumatatu. Bwana Ngari bado ni mwenyekiti.

Lakini Jumamosi iliyopita wanaume wa Kirathe walikwenda shuleni na majembe na sululu bila ruhusa ya mtu. Walibomoa vyoo vyote, wakafukia mashimo kwa mawe na chokaa, wakaanza kuchimba vingine upande wa pili wa kilima, mbali na maji. Nthiga ndiye aliyepima mahali. Mimi nilishika kamba. Hakunisemesha mpaka saa kumi, aliponiambia, "Vuta zaidi, bado inalegea."

Kitabu chako kiko kwangu. Niambie nikipeleke wapi.

Ruguru Njoka


Ruiri
28 Juni 2024

Ruguru,

Kitabu mpe Wamuyu kwa sasa, kisha wakiwa tayari kipelekwe shuleni. Kisirudi huku.

Nashukuru kwa kuniandikia yote bila kupunguza. Lakini nikurekebishe mahali pamoja, kwa tabia ya mwalimu. Masikio hayakunifunga siku moja. Yalichukua miaka kumi, na katika miaka hiyo nilijifunza kusoma midomo ya mtu mmoja mmoja, akiwa karibu na kwenye mwanga. Mwenyekiti nilimwona akisema inatosha. Sikutaka kutosheka.

Nthiga naye alisimama hatua nne kutoka nilipokuwa, uso wake ukiwa dirishani, na alitamka polepole, kama mtu anayetaka kila neno lifike. Yote yalifika. Nilivua kofia kwa sababu alisema kweli, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Stephen Kailemia